Chuo kikuu wameniajiri siku mbili kwa wiki, kazi yangu ni kuwatoa ndugu nje ya chumba cha mgonjwa

Vijana, nyinyi mnaosoma humu mkiwa mmelala chali na simu juu ya uso, kaeni vizuri kwanza. Haya maneno si ya kupitisha macho.

Wakuu wenzangu, heshima zenu. Nina jambo la kweli kabisa, limetokea nyumbani kwangu Kibagabaga, hapa Kigali. Chumvi sitaongeza, kwa sababu sehemu kubwa ya makosa ni yangu mwenyewe, na sijaona mtu anayekaa chini kujitungia aibu.

Mimi ni bibi wa wajukuu saba. Nimezaliwa na kukulia Karagwe, Tanzania, ndiyo maana Kiswahili changu mtakielewa. Shule niliishia darasa la nne, baba akasema panatosha. Nilirudi Rwanda, nchi ya wazazi wangu, nikiwa tayari mama wa watoto, na mpaka leo nikiongea Kinyarwanda sokoni wauza viazi wananiuliza nimetoka wapi.

Majina nitakayotaja siyo ya kweli. Mwenye ugonjwa, ambaye ni mke wa mwanangu, ameusoma uzi huu kabla sijautuma. Amefuta sentensi mbili, akasema zilizobaki ziende. Kwa hiyo asije mtu hapa kuniambia natangaza siri za watu.

Haya, twende.

Mwanangu Faustin anauza vifaa vya ujenzi Kabuga. Anatoka asubuhi, anarudi jioni na saruji kwenye kope. Mke wake, nitamwita Vestine, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alipata saratani ya titi. Akafanyiwa upasuaji, akapata zile dawa za mishipani, nywele zikaisha, zikarudi, tukamshukuru Mungu. Baadaye ugonjwa ukarudi, safari hii na kidonda.

Hospitali wakatueleza bila kuzungukazunguka: ataendelea na matibabu, lakini sehemu kubwa ya kumtunza itakuwa nyumbani. Wakampa morfini ya maji, kwenye chupa, na kikombe kidogo cha kupimia. Nesi wa huduma hiyo anapita kumwona.

Mimi ndiye niliyekuwa nabaki naye mchana kutwa.

Sasa siku moja nesi akaja na binti mwingine, Solange. Naye ni nesi kwa kusomea, lakini siku mbili kwa wiki anafanya kazi chuo kikuu, part-time. Kuna research wanafanya: mgonjwa wa saratani akiwa nyumbani, maumivu yake yanatulizwa vipi, kichefuchefu, usingizi, choo, huzuni, vitu kama hivyo. Atakuwa anakuja kila Jumanne na tableti yake, anauliza maswali, anaandika. Majibu akikubali mgonjwa yanamfikia pia nesi, ili kama dawa haitoshi iongezwe.

Nikasema karibu. Vestine akasema karibu. Akaweka sahihi yake.

Kila Jumanne nilimpokea Solange kama mgeni anavyopokewa. Natandika kitambaa cha meza. Natoa chai ya maziwa. Namwita Vestine atoke chumbani, anakuja amevaa kitenge chake vizuri, amefunga kichwa, anakaa kwenye kochi. Na mimi nakaa kiti cha pembeni yake, mikono juu ya magoti.

Nilikuwa naona hiyo ndiyo heshima. Mgeni haachwi na mgonjwa peke yake kama vile nyumba haina mwenyewe.

Solange anamwonyesha kadi yenye mstari, sifuri mpaka kumi. Sifuri hakuna maumivu, kumi ni maumivu ambayo hayawezi kuzidi.

"Leo uko wapi, dada?"

"Mbili."

"Na wiki nzima, yalipokuwa makali zaidi?"

"Mbili. Labda tatu."

"Kichefuchefu?"

"Hapana."

"Choo?"

Hapo Vestine anaangalia kitambaa cha meza. "Kizuri tu."

"Usingizi?"

"Nalala."

Mimi kitini nakubali kwa kichwa. Nilikuwa najivunia, sitawaficha. Nikiona wake za watu wengine wanavyolia mpaka umudugudu mzima, yaani mtaa wote, unajua, nasema moyoni, wetu ana adabu.

Hapa inabidi nisimame kidogo niwaeleze jambo, hasa nyinyi ambao hamkulelewa huku.

Kwetu mwanamke kwa mama mkwe wake ana heshima ya namna yake. Vestine haniiti mama. Ananiita Mabukwe, yaani mama mkwe wangu. Miaka yote aliyokaa kwangu sijawahi kumwona amelala mchana mbele yangu. Hatafuni mbele yangu mdomo ukiwa umejaa. Neno kama choo asingelitamka nikiwa kwenye chumba hata kama nyumba inaungua.

Na mimi nikaongeza juu yake.

Ugonjwa uliporudi, nikataka kumtia moyo. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nilizaa watoto sita nyumbani kwa mama mkwe wangu, yeye akiwa chumba cha pili. Hakusikia hata sauti moja." Nikamwambia mara ya kwanza, nikamwambia mara ya pili, nadhani mara ya tatu nilimwambia mbele ya wageni waliokuja kumsalimia. Wote wakapiga makofi kidogo, yale ya kushangaa. Vestine akatabasamu.

Nilidhani nimempa nguvu.

Nimerudi wakuu, nilikuwa natazama maharage jikoni.

Jumanne ya sita, Solange akaja na maswali mapya. Akasema chuo sasa wanataka kumuuliza pia anayemtunza mgonjwa, pembeni. Tukaenda ubarazani, Vestine akabaki ndani.

Akaniuliza mambo mengi. Nani anampa dawa? Mimi. Naogopa nini? Nikamwambia naogopa kumwona Faustin anabeba wanawe peke yake. Halafu akanionyesha kadi ileile.

"Wewe kwa macho yako, mukecuru, maumivu ya dada yapo wapi hapa?"

Mukecuru ni mwanamke mzee. Ndivyo wanavyotuita huku kwa heshima.

Mimi sijui kujibu uongo nikiulizwa moja kwa moja. Nikasema, "Nane. Siku nyingine tisa."

Kidole chake kikasimama juu ya tableti.

"Unajuaje?"

Nikamweleza. Mkono wa kushoto hauinui tena, akichana watoto nywele anachana kwa mmoja. Anaanza chakula na sisi na sahani inarudi jinsi ilivyokwenda. Usiku namsikia anatembea, chumbani, korido, chumbani. Na nguo. Mimi ndiye ninayefua. Kitenge anachojifunika nilikikuta kwenye pindo kina matundu madogomadogo, yamejipanga. Nikakinyoosha kwenye jua. Hayakuwa ya nondo. Hayo ni meno.

Solange akauliza taratibu, "Uliyaona lini?"

"Kama mwezi."

"Ukafikiri nini?"

Nikamjibu kweli: "Nikafikiri huyu mtoto ni jasiri."

Akaliandika na hilo. Halafu akageuza tableti akanionyesha, kama kwamba mimi najua kusoma michoro yao. "Mukecuru, yeye kila wiki ananiambia mbili. Wewe unaniambia nane. Hizi namba haziwezi kutoka nyumba moja. Nesi akiangalia anaona mbili, basi chupa inabaki ileile."

Nikapandisha sauti. "Unasema nadanganya?"

"Hapana."

"Basi Vestine ndiye mwongo?"

"Hapana, mukecuru."

"Sasa?"

Akaanza kukunja ncha ya kadi. Akasema, "Utaratibu wa kazi yangu unasema niwe na mgonjwa peke yetu. Nimekuja mara sita. Hatujawahi."

"Mbona hukusema?"

"Ningekuambiaje?"

"Kwa mdomo! Umelelewa wapi wewe, mtu mzima unashindwa kusema neno?"

"Nimelelewa na bibi yangu, Rwamagana," akasema, na macho yamejaa maji. "Ndiyo maana nimeshindwa. Nikuambie mukecuru, toka kwenye sebule yako? Nikirudi nyumbani nikimweleza bibi nimefanya hivyo, atanitoa mimi nje."

Wakuu, nilitaka kukasirika zaidi, lakini sikupata pa kushika. Kwa sababu na mimi ningemtoa nje mjukuu wa namna hiyo.

Tulikaa kama watu waliokosa basi. Binti amesoma, ana tableti, ana barua yenye muhuri wa chuo kikuu, na kilichomshinda ni kumwambia bibi kizee asimame. Na mimi kilichonishinda ni kujua kwamba mimi ndiye mlango uliofungwa.

Nikasimama. Nikaingia ndani. Vestine akataka kuinuka, nikamwambia kaa.

"Mimi natoka," nikasema. "Nakwenda kukaa kule kwenye tangi la maji. Sitasikia. Unachoulizwa na huyu binti, jibu kama vile mimi sijazaliwa."

Akaniangalia. "Mabukwe, nimekosa nini?"

Hilo swali, vijana, lilinipiga. Nikamwambia hujakosa, nikachukua kigoda nikatoka.

Dakika karibu hamsini. Nilipima kwa simu. Mimi sijawahi kukaa nje ya nyumba yangu bila kazi mkononi. Jirani yangu, mwanamke aliyekulia Burundi, mcheshi sana, akapita na ndoo.

"Eh, mama Faustin! Umekaa nje kama umefukuzwa?"

"Nimefukuzwa."

"Na nani, na mkwe?"

"Na utafiti," nikamwambia. "Pita uende."

Akacheka mpaka akamwaga maji. Mimi sikucheka. Nilikuwa naangalia dirisha. Mara moja nilisikia sauti ya Vestine, sikusikia maneno, lakini ilikuwa ya kulia, ya mtu anayelia kwa mdomo wazi. Miguu yangu ikataka kwenda. Nikaishika miguu yangu kwa mikono, kweli nawaambia, nikaishika pale kwenye magoti.

Solange akatoka. Nikamuuliza, "Amesema nini?"

"Amenikubalia nimpigie nesi sasa hivi."

"Nimekuuliza amesema nini."

Na yule binti, yule aliyeshindwa kuniambia toka, akanijibu kwa upole kabisa, "Hiyo ni yake, mukecuru. Akitaka atakuambia."

Nikamheshimu siku hiyo. Sikumwambia, lakini nikamheshimu.

Nesi alikuja kesho yake asubuhi. Nikatoka tena, safari hii bila kuambiwa. Wakafunga mlango. Nesi alipotoka akanieleza mimi yale ya kutekeleza tu: morfini inaongezwa kipimo, na hii mpya itolewe kwa saa, siyo kusubiri mpaka aombe. Dawa ya kulainisha choo, kila siku, kwa sababu morfini inafunga tumbo na alikuwa na siku nyingi hajapata choo. Ndiyo maana chakula kilikuwa kinarudi. Dawa ya kichefuchefu. Na vidonge vya kusaga viwe unga, vinyunyiziwe kwenye kidonda wakati wa kubadilisha bandeji, vinaua harufu.

Harufu.

Mimi wiki nyingi nilikuwa namnung'unikia Vestine kwa manukato. Alikuwa anajipulizia mpaka korido nzima inanukia. Nilimwambia Faustin, mke wako mgonjwa manukato anajipaka ya kwenda wapi? Nikahakikisha nasema kwa sauti ya kufika chumbani.

Sitaongeza neno hapo. Mmeelewa.

Siku ya nne ya dawa mpya, niliingia sebuleni baada ya chakula cha mchana nikamkuta Vestine amelala kwenye kochi. Mchana! Mbele yangu! Mdomo wazi kidogo, miguu juu. Ungeniambia mwaka jana ningekohoa ili ashtuke. Nilitoka kwa vidole vya miguu, nikamzuia mjukuu asiingie na mpira.

Alipoamka nikaenda kukaa karibu yake. Nilikuwa na deni la maneno, nikajua nisipolilipa siku hiyo sitalilipa.

Nikamwambia, "Ile habari yangu ya kuzaa watoto sita bila sauti."

"Ndiyo, Mabukwe."

"Nilikuwa nauma kanga. Nina kanga moja niliitoboa kama chujio. Na mtoto wa nne, nilipiga kelele. Nilimtukana mume wangu na ukoo wake. Mama mkwe akaingia akanishika kiuno mpaka asubuhi, hakunisema hata siku moja. Hiyo sehemu nimekuwa naiacha."

Vestine akageukia kwangu. Halafu akaanza kucheka, polepole kwa sababu ya kidonda, ameshika ubavu.

"Mabukwe! Wa nne si ndiye Faustin?"

"Ndiye."

"Kumbe alianza kusumbua zamani."

Tukacheka wote wawili. Halafu akasema kitu ambacho hakuwahi kuniambia tangu aolewe. Akasema, "Mabukwe, igikoma chako cha asubuhi sikipendi. Kizito. Nakunywa kwa sababu yako."

Igikoma ni uji. Wangu mimi ni wa mtama, na nilidhani ndio ulikuwa unamshikilia duniani.

Nikauliza, "Unataka nini?"

"Chai ya tangawizi na kiazi kimoja."

Kesho yake nilimpa chai ya tangawizi na kiazi kimoja. Alikimaliza.

Sasa ya chuo kikuu.

Solange aliandika hayo yote kwenye ripoti yake, bila majina. Wakubwa wake wakashtuka, wakaanza kuangalia nyumba nyingine. Wakaona ni vilevile: mgonjwa akiulizwa mbele ya mama mkwe, au baba, au mwanawe mkubwa, anasema mbili. Hao wauliza maswali wote ni vijana, hawathubutu kumwambia mzee atoke. Walikuwa wanaandika tu kwenye fomu kwamba ndugu alikuwepo, wanaendelea.

Nikapigiwa simu. Profesa mmoja mama, ana sauti ya chini, akaniomba nije nizungumze na vijana wake. Nikavaa mushanana wangu, lile vazi letu la sherehe, nikaenda. Nilidhani wananiita nikaombwe msamaha au niombe mimi.

Wakaniuliza: mukecuru, kijana afanye nini ili mzee kama wewe atoke bila kudharauliwa?

Nikawaambia, "Hakuna. Kijana hawezi. Hata akisema kwa sukari, mzee anasikia amefukuzwa. Mzee anatolewa na mzee mwenzake. Mimi nikimwambia mwenzangu njoo tukae nje, huo ni urafiki. Ninyi mkimwambia, ni matusi."

Wakaangaliana. Profesa akasema, "Basi tutakuomba ufanye hivyo."

Nikadhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Wiki mbili baadaye kuna karatasi: msaidizi wa utafiti, kazi ya muda, siku mbili kwa wiki, Jumanne na Alhamisi, gari la chuo linanichukua barabarani, na siku hizo Faustin anabaki nyumbani na Vestine. Vestine ndiye aliyenisomea mkataba, mstari kwa mstari, kwa sauti ya ualimu. Palipoandikwa elimu, nikasema andika darasa la nne, msiongeze.

Faustin alicheka mpaka akakaa chini. "Mama, umeingia chuo kikuu kabla ya wajukuu zako!"

Nikamwambia, "Na wewe ulianza kunipigisha kelele kabla ya kuzaliwa, nyamaza." Hakuelewa. Vestine alielewa.

Walinifundisha siku tatu. Kutunza siri. Kutoingia chumbani kabisa. Kutosikiliza. Kutotoa ushauri wa dawa. Hilo la mwisho lilinisumbua, mimi nina dawa ya kila kitu. Nimeacha.

Kazi yenyewe ni hii: tunafika watatu, dereva, kijana wa maswali, na mimi. Nasalimia mwenye nyumba, naulizia ukoo wake, halafu namtoa. Nina njia zangu. Kama ni bibi, namwambia anionyeshe mboga zake. Kama ni mzee mwanamume, nasema kiti cha ndani kinaniumiza kiuno, tukatafute jua. Huko nje ninawauliza na yale maswali ya mtunzaji, wananijibu wakidhani ni maongezi, halafu nawaeleza wazi kwamba nayasema kwa kijana ayaandike, kama wanakubali. Wengi wanakubali.

Siyo wote wanaotoka kirahisi.

Busanza, kwenye zile nyumba za ghorofa, tulikuta mama mgonjwa na mwanawe, mwanamume wa miaka arobaini hivi, sauti kubwa. Amekaa mlangoni mwa chumba, miguu ameinyoosha imeziba njia.

"Maswali yote yapitie kwangu," akasema. "Mimi ndiye mkuu hapa."

Kijana wetu wa tableti akaniangalia mimi.

Nikamwambia, "Mwanangu, hizi ngazi zenu nimepanda vibaya, goti limeganda. Nipe mkono nitembee kidogo chini."

Akatazama mama yake, akatazama goti langu. Akanipa mkono. Mtu aliyelelewa hawezi kumnyima bibi mkono, nalijua hilo, nalitumia.

Tulizunguka jengo mara mbili. Mwanzoni ananieleza habari za kazi. Mzunguko wa pili akapunguza mwendo, akauliza, "Bibi, huko ndani analalamika?"

"Sijui. Na wewe hutajua mpaka akuambie mwenyewe."

"Mama yangu hajawahi kulalamika. Kwangu hajawahi kutoa chozi."

"Unamwambiaje ukiingia asubuhi?"

Akajinyoosha. "Namwambia, mama, wewe ni simba."

"Simba haombi dawa," nikamwambia.

Alisimama pale karibu na bomba la maji. Akaweka mkono machoni kama anakinga jua, na jua lilikuwa nyuma yetu. Nikaangalia upande mwingine, nikahesabu nguo za watu kwenye kamba mpaka alipokuwa tayari. Tulivyopanda ngazi, hakukaa tena mlangoni. Alikwenda jikoni akawasha jiko, akamuuliza mama yake kupitia ukuta, atakunywa chai sasa au baadaye.

Kwa hiyo wakuu, hiyo ndiyo kazi yangu.

Vestine hajapona, msije mkaandika hongera kwa kupona. Ugonjwa upo, daktari hafichi na sisi hatujifichi. Lakini analala. Anakula kidogo na kinakaa. Anasahihisha madaftari ya wanawe kwa mkono wa kulia, na wa kushoto amerudi kuuinua mpaka begani. Juzi ametembea mwenyewe mpaka barabarani kununua parachichi. Namba yake siijui, siulizi. Akitaka ananiambia. Jumapili iliyopita aliniita mwenyewe akasema, "Mabukwe, leo ni sita, nisaidie." Nilikwenda kuchukua chupa huku nikimshukuru Mungu njia nzima. Ndiyo, kwa sita. Sita ya kweli nimeipenda kuliko zile mbili zote alizonipa kwa heshima.

Namshukuru Solange, ambaye bado ananiita mukecuru na bado anaogopa kunikatiza nikiongea. Namshukuru nesi wetu. Nawashukuru watu wa chuo, walionisikiliza mimi wa darasa la nne mpaka mwisho wa sentensi. Na mama mkwe wangu aliyelala kaburini namshukuru kwa ule usiku alionishika kiuno, nimechelewa kumshukuru.

Nilichojifunza, nawaachia: mgonjwa wako akisema "niko sawa", angalia kwanza ni nani amekaa kwenye kiti cha pembeni. Inawezekana ni wewe. Unaweza kumpenda mtu kwa moyo wote na bado ukawa ndiye unayemziba mdomo.

Mwenye mgonjwa nyumbani, andika hapa chini, nitasoma yote, hata kama nachelewa kujibu, naandika kwa kidole kimoja. Madaktari na manesi mliomo humu, nirekebisheni nilipokosea jina la kitu. Wauza mizizi ya kutibu kila saratani, ninyi msiniandikie, nitawajibu vibaya.

Nyumbani kwangu nimeshatoa amri. Niliwasimamisha wote sebuleni, Faustin, wajukuu, na Vestine mwenyewe akasikia. Nesi au mtu wa utafiti akiingia kwa Vestine, kila mtu atoke, mlango ufungwe. Hakuna kusimama dirishani. Akitoka, hakuna kumuuliza kasema nini. Na siku mtakayonikuta mimi nimekaa humo ndani, msione haya kwa sababu ya umri wangu: nishikeni mkono, mnitoe.